Ukiingia Jikoni, Moyo Wangu Unaruka

—Leo umetia nini humu?

Mke wangu aliuliza bila kugusa kijiko. Alikuwa amekalia kile kiti chake cha cherehani, maana kiti hicho hukihamisha kwenda nacho mezani na kurudi nacho kazini. Alilitazama bakuli kama mshonaji anavyotazama nguo iliyoshonwa na mtu mwingine: anatafuta mshono ulipopinda.

—Ndizi mbivu, mdalasini, na maziwa. Juu nimekaanga karanga nikaziponda.

—Umeziponda.

—Kidogo tu, ili zilie ukitafuna.

—Na hii ya rangi ya dhahabu?

—Asali, mama watoto.

Akala kijiko cha kwanza, cha pili, akamaliza bakuli lote na kulikwangua. Kisha akafuta midomo, akabeba kiti chake, akaenda zake barazani kwenye sare za shule anazoshona.

—Tamu? nikamwuliza kwa nyuma.

—Tamu sana, akasema. Akalisema kama mtu anayepokea habari za msiba.

Nikabaki na sufuria mkononi.

Mimi nimeendesha malori miaka thelathini na moja. Mizigo nimebeba ya kila namna, saruji, mbolea, vitanda vya hospitali, mara moja hata piano. Nyumba hii tuliijenga kwa safari zangu na cherehani yake, ila mimi mwenyewe nimelala humu kama mgeni anayepita. Miezi mitatu iliyopita, siku ya harusi ya binti yetu wa mwisho, nilisimama mbele ya ukoo nikasema nimepumzika, siushiki tena usukani wa lori. Watu walipiga makofi. Mke wangu hakupiga. Alikuwa ameshika sahani mbili, nikadhani ndiyo sababu.

Mtu aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri hawezi kulala mpaka saa moja. Miezi yote hiyo nilikuwa nazunguka uani nikikagua ndoo na mabomba. Jumamosi moja binti yetu huyo, ambaye anauza dawa kwenye duka la dawa mji wa pili, akaja kututembelea na pakiti nne za oti, nafaka ya uji.

—Baba, presha yako inataka hizi. Na wewe unataka kazi. Pika.

—Nipike mimi?

—Kwani mikono yako ina usukani tu?

Basi kesho yake nikaanza. Kila jioni binti ananitumia pishi kwenye simu, asubuhi napika. Siku ya pili, baada ya zile ndizi, niliweka karoti iliyokwaruzwa, iliki na zabibu kavu. Siku ya tatu tufaha lililokaangwa na siagi mpaka likalainika. Siku ya nne nikathubutu za chumvi: kitunguu, nyanya, pilipili hoho, na yai la kukaanga juu limekaa kama kofia. Nilijisikia mtu. Unajua mtu akizeeka akagundua kitu anakiweza, anakuwa kama mtoto aliyejifunza kupiga mluzi, hakuna atakayepumzika nyumbani.

Ila kadiri chakula kilivyozidi kuwa kitamu, ndivyo mwenzangu alivyozidi kuwa kimya. Siku ya ndizi na mdalasini aliniambia maneno kumi na kitu. Siku ya karoti, matatu. Siku ya yai aliniambia "asante" kama unavyomwambia mtu wa posta.

Nikampigia binti.

—Baba, anakula?

—Anakula mpaka bakuli linataka kutoboka.

—Sasa tatizo nini?

—Akimaliza anakuwa kama amefiwa.

—Labda umezidisha iliki.

—Siku ya yai sikutia iliki.

—Baba, mama ni mtu wa kubembelezwa. Wewe zidisha utamu tu. Kesho nakutumia ya tangawizi na chungwa, hiyo hata jiwe litacheka.

Nikasema haya. Nikakazana kumwaga mafuta kwenye moto huku nikiamini ni maji.

Kesho yake jikoni nilikuwa na jambo moja la kuniaibisha: macho. Macho yangu yanaona lori linalokuja umbali wa kilomita nzima, lakini maandishi ya simu kwangu ni siafu wanaotembea. Miwani niliikalia jana yake ikavunjika. Nikamwita.

—Mama watoto, njoo unisomee, mikono yangu ina unga wa tangawizi.

Akaja na pini mbili mdomoni. Akazitoa, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake, akashika simu.

—"Baba, vikombe viwili vya maziwa," akasoma.

—Vimeingia.

—"Kikombe kimoja cha oti. Koroga moto mdogo."

—Nakoroga.

—"Ganda la chungwa, kwaruza la juu tu, usifike kwenye nyeupe, itakuwa chungu."

—Sikufika.

—"Mzee, lori jipya limefika. Safari ni miezi sita, unarudi mara moja moja. Umeshamwambia mama?"

Alisoma yote kwa sauti ileile ya vikombe viwili vya maziwa. Nilikuwa nimeshaitikia "bado" kabla masikio hayajanielewesha.

Mwiko ukasimama.

Ujumbe ule haukuwa wa binti. Ulikuwa umeingia wakati huohuo, ukajipanga juu ya pishi. Ulitoka kwa tajiri wangu wa zamani, mwenye malori. Jumatatu alikuwa amenipigia kunibembeleza nirudi. Sikumwambia ndiyo. Nisiwafiche: sikumwambia hapana pia. Nilimwambia aniache nifikirie mpaka Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mke wangu akaiweka simu mezani taratibu, akaipangusa na kona ya kanga.

—Maziwa yanafurika, akasema.

—Mke wangu, sikiliza...

—Zima jiko kwanza. Huwezi kuunguza kitu kizuri hivyo.

Tukala. Wallahi tulikula. Sijawahi kupika kitu chenye harufu nzuri kama ile, na kilinipita kooni kama mchanga. Alipomaliza akasema, "Tamu," akabeba kiti chake.

Nikasubiri kusikia cherehani. Haikulia. Cherehani ya mke wangu ikinyamaza asubuhi, hata majirani huchungulia. Nilipoingia chumbani nilimkuta ameweka begi la kijani juu ya kitanda, anakunja gauni. Anakunja vizuri, kama nguo za wateja.

—Unakwenda wapi?

—Kwa dada.

—Dada anaumwa?

—Dada mzima.

—Utakaa siku ngapi?

—Wewe miezi sita utakaa siku ngapi?

—Sijasema nakwenda!

—Hujasema huendi.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, begi likiwa kati yetu kama mtoto.

—Ungenipigia kelele, nikasema. Ningejua la kufanya.

—Kelele nilipiga mwaka wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Ulikuwa njiani, hukuzisikia.

—Lakini wiki nzima hii nilikuwa nakupikia! Kila siku naamka kabla ya jua nakutafutia ladha mpya. Mtu anayetaka kukuacha anakupikia?

Akageuka. Ndiyo mara ya kwanza wiki ile kunitazama usoni sawasawa.

—Baba watoto, kweli hujui?

—Sijui nini?

—Kaa hivyohivyo, usiondoke, nikukumbushe. Mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na siku kumi na mbili, uliingia jikoni ukanipikia supu. Nikawaambia wanawake wenzangu, nimepata mume. Alfajiri yake ukaondoka, ukarudi mtoto anakaa.

—Ile ilikuwa safari ya saruji...

—Sijamaliza. Mwaka ule bati la jikoni lilipong'oka, ulinikaangia viazi na mayai, ukanilisha kwa mkono wako, nikacheka mpaka nikapaliwa. Kesho yake, barabarani. Mama yangu alipofariki, baada ya matanga, ulinichemshia maziwa na asali. Nikasema moyoni, Mungu, huyu sasa atakaa. Ulikaa usiku mmoja.

Nikaanza kuzihesabu safari zile kwa vidole.

—Miaka thelathini na moja, akasema, hujawahi kuingia jikoni ukalala nyumbani siku mbili zinazofuata. Hata mara moja. Watoto walilijua. Walikuwa wakisikia sufuria yako wanauliza, "Baba anaondoka lini?" Sasa wiki hii unapika siku ya kwanza. Unapika siku ya pili. Ya tatu. Ndizi, karoti, matufaha. Mimi nakaa pale mezani najiuliza, safari hii anakwenda mbali kiasi gani mpaka kunibembeleza kunachukua wiki nzima? Ukiingia jikoni, moyo wangu unaruka.

Ndugu zangu, mimi nimepinduka na lori mara mbili. Sikuumia hivyo.

—Safari zile nilitaka nikuache na utamu mdomoni, nikasema. Nilikuwa naona haya kuondoka hivihivi. Ndiyo maana nilipika.

—Ndiyo. Na mimi nikabaki na utamu mdomoni na kitanda kitupu. Kwa hiyo safari hii natangulia mimi. Wewe ndiye utakayesimama mlangoni ukipunga mkono, uone mkono unavyokuwa mzito.

Akafunga zipu nusu. Zipu ikamkwama hapo, na ile si mikono ya kukwamisha zipu. Inatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

—Nikuulize kitu, akasema. Usinidanganye, tumeshazeeka. Ulitaka kwenda?

Ningeweza kusema hapana. Ingekuwa rahisi, ingefunguka zipu palepale. Lakini aliniomba nisimdanganye, naye ameshasikia uongo wa kutosha kupitia simu zenye kelele za injini.

—Jumatatu nilitaka, nikasema. Tajiri aliposema lori jipya, mguu wangu wa kulia ulikanyaga mafuta hewani.

—Na Jumanne?

—Jumanne nilitaka nusu. Jumatano uliniambia "asante" baada ya lile yai, nikakaa uani nafikiria niweke nini kesho. Ijumaa ya tajiri sikuikumbuka tena. Nilisahau kabisa, mke wangu. Nilikuwa nafikiria machungwa.

Alicheka kidogo kwa puani, kisha akajikaza kama mtu aliyefumaniwa.

—Hayo maneno, akasema. Wewe maneno huna shida nayo.

Nikachukua simu. Nikamwomba yeye abonyeze jina la tajiri kwa sababu ya wale siafu, aweke na sauti ya nje. Tajiri akapokea mlio wa kwanza.

—Mzee! Nakusikia. Umeshamwambia mama?

—Ameniambia yeye. Siendi.

—Ah, mzee wangu, usinifanyie hivyo. Njia ile nani anaijua kama wewe? Vijana wananiunguzia breki kwenye miteremko.

—Watajifunza. Mimi pia niliunguza.

—Nikupe mpaka Jumapili?

—Hata ukinipa mpaka kiama.

—Mzee, sema kweli, unamwogopa mkeo?

Nikamtazama. Alikuwa ameshika begi kwa mikono miwili.

—Namwogopa sana, nikasema. Tena nimechelewa kumwogopa. Salimia nyumbani.

Simu ikakatika. Nikangoja afurahi. Hakufurahi. Alikaa upande wa pili wa begi, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha zaidi:

—Baba watoto, nimekusikia. Na tajiri amekusikia. Lakini huku ndani, akagusa kifua, huku hakuna simu. Huku kunajua sufuria tu.

—Basi nifanye nini?

—Sijui. Kweli sijui. Basi la kwa dada lipo kesho saa tatu. Neno hili nitalala nalo.

Tukalala nalo. Begi likabaki kwenye kiti, zipu nusu.

Asubuhi niliamka kama kawaida yangu nikasimama mbele ya jiko na mikono mitupu. Nikipika vizuri, nimeaga. Nisipopika, nimesusa. Nimewahi kukwama kwenye matope na lori la magurudumu kumi na manane, lakini pale jikoni nilikwama zaidi. Nikampigia binti.

—Baba, saa kumi na mbili hii, kuna nini?

—Nataka pishi.

—Ipi? Nina ya maembe...

—Mbaya.

—Baba?

—Nataka oti mbaya. Zile ambazo mtu hawezi kumpikia mtu anayemuaga.

Binti yetu si mjinga, anauza dawa. Nikasikia anavuta pumzi.

—Baba, sufuria! Tulikuwa tunasema... Ee Mungu wangu, sikuliwaza. Na mimi ndiye niliyekuwa nakutumia mapishi!

—Lia baadaye, mwanangu. Nipe pishi.

—Tia maji tu, akasema huku akicheka na kulia. Yachemke sana ndiyo umwage oti zote kwa mara moja. Usikoroge, zigande mabonge. Chumvi, kijiko cha kulia, si cha chai. Halafu nenda kakague ndoo mpaka unuse moshi.

Nilifuata neno kwa neno. Ni pishi pekee lililonitoka sawa bila maandishi.

Mke wangu alitoka amevaa gauni la safari na viatu vya kufunga. Akaweka begi mlangoni. Akaniona nimekaa mezani, mabakuli mawili, na moshi bado haujatoka wote dirishani.

—Nini hiki kinanuka?

—Kifungua kinywa. Kaa.

Akakaa, safari hii kwenye kiti cha kawaida. Akalichungulia bakuli.

—Umetia nini humu?

—Hakuna kitu.

—Na hii nyeusi?

—Chini ya sufuria.

Akachota. Bonge likakataa kukatika, akalisukuma, likaruka nusu. Akatia mdomoni. Nikaona jicho moja linafunga lenyewe. Akatafuna, akameza kwa juhudi, akanywa maji.

—Mbaya, akasema.

—Najua.

—Baba watoto, hii ni mbaya. Hii mbaya ya kushitakiwa.

—Na kesho itakuwa mbaya zaidi.

—Kwa nini kesho... akaanza, halafu akasimama katikati ya neno.

Akanitazama. Akatazama bakuli. Nikaona linavyomwingia, polepole, kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano. Mabega yakaanza kumcheza. Sikujua anacheka au analia, nadhani na yeye hakujua.

—Umeunguza makusudi?

—Kwa jitihada kubwa. Binti yako alinielekeza.

—Mzee mzima umeamka alfajiri kuharibu chakula!

—Nitaharibu kila siku. Mpaka huko ndani, nikaonyesha kifua chake, kuzoee kwamba sufuria inalia na mimi bado nipo.

Alifunika uso kwa viganja. Sikumgusa, kuna wakati mtu anahitaji nafasi ya kulia bila kushikwa. Saa ya ukutani ikaenda. Ikafika saa tatu, ikapita. Nje jirani akaita kuuliza kama sare za mwanawe ziko tayari.

—Njoo mchana! mke wangu akaitikia, akijifuta macho. Leo niko nyumbani!

Kisha akavuta bakuli lake tena. Akachota bonge lingine.

—Acha, mama watoto, utaumwa tumbo.

—Nyamaza. Nimekula tamu zako miaka thelathini na moja. Hii ndiyo ya kwanza inayokaa.

Tukala wote wawili, tukikunja nyuso kama watoto wanaonyweshwa dawa, tukichekana. Alipomaliza akainuka, akalichukua begi mlangoni, akaenda nalo chumbani. Nikasikia zipu. Nikasikia kabati. Akarudi amevua viatu vya safari, akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani, na ulikuwa mkono mzito kweli.

—Kesho tia sukari, akasema.

—Hutaogopa?

—Nitaogopa, akasema. Wewe tia tu.